Dondoo muhimu: Kabla ya kushuka Mto Nile kwa boti la mpira pale Jinja, Uganda

Jaketi la kujiokoa ndilo la kwanza, na usimwachie mwongozaji peke yake kazi ya kulikagua. Funga kamba zote, kisha mwombe mwenzako alivute juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni, limelegea. Likaze au omba jingine. Helmeti nayo isicheze kichwani.

Boti la mpira likipinduka, lala chali, miguu ikitangulia na vidole vikiwa juu ya maji, uache mkondo ukubebe. Usijaribu kusimama hata ukiona maji ni ya magotini. Mguu ukinasa kati ya mawe, nguvu ya maji hukuangusha kifudifudi na kukubana hapo hapo. Hata waogeleaji hodari hufa hivyo. Zoezi hili la kulala chali lifanyeni kwenye maji tulivu kabla ya kuanza safari, na mwongozaji akiliruka, mdai.

Kiganja kifunike kichwa cha kasia wakati wote, maana kikiachiwa huvunja meno ya jirani. Vaa viatu vyenye mikanda, si ndala. Jinzi iache.

Unatoka Kenya au Tanzania? Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Maji ya huko yana kichocho pia, hivyo ukirudi mwone daktari. Dawa yake hutumika wiki kadhaa baadaye, vimelea vikishakomaa.

Kama hujui kuogelea, sema mapema upangiwe sehemu yenye mawimbi madogo.