Dondoo muhimu: Smuthi nzito ya ndizi na kakao

Uzito wa smuthi hutoka kwenye ndizi, si kwenye barafu. Chukua ndizi za kisukari zilizoiva hadi ganda limepata madoa meusi, zimenye, zikate vipande, kisha zigandishe usiku kucha. Ukizigandisha na maganda, asubuhi utahangaika kuyabandua.

Kwa glasi 2 tumia ndizi 4, kikombe 1 cha maziwa baridi na kijiko 1 kikubwa cha unga wa kakao. Kakao hupenda kufanya madonge, hivyo ikoroge kwanza kwa maziwa moto kidogo, uiache ipoe. Chembe ya chumvi huamsha ladha ya chokoleti. Sukari? Sioni haja. Blenda ikikwama, ongeza maziwa kidogo kidogo, kamwe usiongeze maji. Inywe papo hapo, ikikaa hujitenga.