Ngome ya Lisbon: lipi la kale, lipi la jana?

Leo twende Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Juu ya kilima ipo ngome ya São Jorge, yenye minara 11. Mgeni hulipa kiingilio, hupanda ngazi, hutembea juu ya ukuta akiutazama mto Tagus. Husema, "Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa zamani!"

Ngoja kidogo. Ngome hiyo ilijengwa na watawala Waislamu karne ya 11. Mwaka 1147 Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliiteka. Wafalme wakakaa humo miaka mingi, hata Manuel I, yule aliyemtuma Vasco da Gama, ambaye meli zake zilifika Mombasa na Malindi mwaka 1498.

Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi liliubomoa mji, na ngome pia. Baadaye majengo ya askari yakazagaa humo, hata kuta za kale zikafichika.

Mwaka 1940 Ureno ilisherehekea miaka 800 ya taifa lake. Serikali ilitaka ngome ya wafalme wa kwanza ionekane. Basi tangu 1938 majengo ya askari yalivunjwa, minara ikainuliwa, na yale meno ya juu ya ukuta yakajengwa upya. Mengi anayopiga picha mgeni ni kazi ya waashi wa miaka hiyo. Na majengo yaliyovunjwa, je, hayakuwa historia? Mimi naona yalikuwa.

Maswali ya kikundi:
1. Nani aliiteka ngome mwaka 1147?
2. Gofu liachwe lilivyo, au lijengwe upya? Toa sababu.