Aliyeacha Shule Anaweza Kurudi

Mzazi, huenda unatamani kaunti ifungue shule ya upili ya walioacha masomo hapa Matisi. Katiba ya 2010 iliipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi. Shule za upili ni za serikali ya kitaifa.

Njia zipo hata hivyo. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu msichana aliyejifungua kurejea baada ya miezi sita. Akionea haya shule yake ya zamani (na wengi huona), aombewe uhamisho.

Kijana wa bodaboda aliyetimiza miaka 18 anaweza kusomea elimu ya watu wazima, kisha afanye KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani. Ulizeni mapema katika afisi ya elimu ya kaunti ndogo, mkiwa na cheti chake cha darasa la nane.