Pima Diski Kabla ya Kuikata

Mdogo wangu wa Timboroa, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kubonyeza chochote. Unasema umenunua laptopu ya mtumba mjini Eldoret, diski yake GB 256, na kwa kuwa unaanza chuo ungependa kuweka Linux Mint bila kuifuta Windows. Inawezekana kabisa. Chukua kalamu na karatasi tupige hesabu.

Usishtuke ukiona diski inasoma GB 238. Hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, ndipo namba zinapoachana. Na ndani ya hizo 238 mna vipande vidogo, yaani patisheni, vilivyotengwa zamani, kimoja cha kuwashia kompyuta, kingine cha kuirekebishia. Viache vilivyo. Hicho cha kuwashia kitatumiwa na mifumo yote miwili, nawe ukikifomati, Windows haitawaka tena.

Windows ningeiachia GB 100. Microsoft yenyewe inataka diski isiyopungua 64 kwa Windows 11, na masasisho yake yana njaa. Mint huingia kwenye 20, ila hizo zitakubana mapema. Watengenezaji wake wanapendekeza 100. Wewe una zaidi ya 130 za kuipa. Patisheni ya mfumo, ile inayoandikwa kwa mkwaju peke yake, ipe 50. Ya swap, ile inayoisaidia RAM ikijaa, ipe 8 ikiwa RAM yako ni 8. Zote zilizobaki ziwe za home, zitakapokaa kazi zako za chuo, picha na muziki. Siku mfumo ukiharibika utaufuta na kuuweka upya, nayo home hutaigusa. Ndiyo sababu naitenga.

Hapo ndipo mwisho wa kugawa, tafadhali. Utakutana na watu watakaokushauri utenge boot, utenge var, utenge tmp. Kwenye seva kuna sababu. Kwenye diski ndogo ya mwanafunzi, kila ukuta unaoongeza unafungia nafasi usiyoweza kuitumia kwingine. Boot ya kubana hujaa kaneli za zamani, masasisho yakagoma, huku home ina makumi ya GB zinazolala bure. Kusogeza mipaka baadaye kunawezekana, lakini ni kazi ndefu na ya hatari.

Kupunguza patisheni ya Windows kufanyie ndani ya Windows yenyewe, kwa programu yake ya kusimamia diski. Inaweza kukataa kuachia nafasi yote unayoomba, kwa sababu kuna faili zake zisizosogea; zima kwanza ule uwashaji wa haraka na hali ya hibernate, kisha ujaribu tena. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wa uokoaji karatasini kabla ya yote.

Sasa stima. Laptopu ya mtumba mara nyingi huja na betri iliyochoka, na stima ikikatika katikati ya kupunguza patisheni, unaweza kupoteza kila kitu. Mvua ikitanda huko juu, ahirisha. Ama ukienda Eldoret ifanyie hapo, penye jenereta au betri ya akiba, na upakue Mint papo hapo: ni karibu GB 3, mzigo mzito kwa bando la simu.

Nakili faili zako zote kwenye diski ya nje, fungua kadhaa uone kweli zinasomeka, halafu ichomoe kabisa kabla ya kuanza kuweka mfumo. Ikibaki imechomekwa itaonekana kwenye orodha ya diski, na kidole huteleza. Na ukifika kwenye ukurasa wa patisheni, chagua njia ya kujipangia mwenyewe, upige picha kwa simu na kunitumia. Usibonyeze kitufe cha kuendelea mpaka nikujibu.