Leithi ya nyumbani: Nusu ya fedha isiishie kwenye mashine

Mashine ya kusaga mahindi inapokwama siku ya soko, mara nyingi kasoro haipo kwenye mota wala mkanda. Ni shafti iliyolika pale inapokaa beringi. Mwenye mashine huing'oa, akaifunga kwenye gunia na kupanda matatu kwenda mjini kumtafuta fundi wa kukereza vyuma. Akikuta foleni ni ndefu, hulazimika kurudi kesho yake, na wateja wake huyapeleka mahindi yao kwingine.

Pengo hilo ndilo linalowavutia vijana wengi waliohitimu katika vyuo vya ufundi kufungua karakana ndogo nyumbani. Kazi haikosekani: shafti za mashine za kusaga, bushi za pampu za maji, puli za mashine za kukatakata majani ya ng'ombe, pini za trela za trekta. Wengi wao wana ujuzi wa kutosha. Kinachowakwamisha ni jinsi walivyozitumia fedha za mwanzo.

Chukua mfano wa kijana mwenye shilingi 300,000, sehemu akiba yake na sehemu mkopo wa chama. Anaonyeshwa leithi kuukuu Nairobi, bei shilingi 260,000. Analipa. Zilizobaki zinamezwa na lori na vibarua wa kuishusha. Mashine ikishafika ndipo anagundua kwamba mota yake ni ya fezi tatu ilhali stima ya nyumbani ni ya fezi moja, kibano kimevunjika taya moja, na hana kisu hata kimoja cha kukatia chuma. Mwisho wa mwezi chama kinataka marejesho, na leithi haijakereza hata bolti.

Mafundi wakongwe wana hesabu yao kuhusu jambo hili: leithi ikigharimu shilingi moja, vifaa vyake navyo vitagharimu shilingi nyingine. Kwa hesabu hiyo, mwenye 300,000 anafaa kutafuta mashine isiyozidi 150,000, hata ikiwa ndogo, au angoje akiba iongezeke.

Stima iangaliwe kabla ya mashine

Nyumba nyingi nchini zina stima ya fezi moja, volti 240. Leithi nyingi kuukuu zilitoka viwandani, na mota zake zilitengenezewa fezi tatu, volti 415. Mnunuzi ana njia tatu. Anaweza kuomba aunganishiwe laini ya fezi tatu, jambo ambalo huwa ghali ikiwa nguzo zenye laini hiyo ziko mbali. Anaweza kuondoa mota na kuweka ya fezi moja. Kwa leithi ndogo, mota ya nguvufarasi mbili hutosha kwa kazi nyingi. Au anunue kifaa ambacho mafundi wa stima hukiita inveta, kinachopokea fezi moja na kutoa fezi tatu.

Njia ya inveta ina mtego wake. Inveta ndogo ya kawaida inayopokea volti 240 hutoa fezi tatu za volti 240, si 415. Kwa hiyo kibandiko cha mota lazima kisomwe kabla ya kulipa. Kikiandikwa volti mbili, kwa mfano 240/415, waya za mota zinaweza kuunganishwa upya ili ifanye kazi kwa volti ya chini. Kikionyesha 415 pekee, mota hiyo haitafaa. Kupiga picha ya kibandiko na kumwonyesha fundi wa stima aliyesajiliwa ni kazi ya dakika tano.

Kuikagua mashine kuukuu

Rangi mpya haina maana yoyote. Kuna wauzaji wanaopaka rangi juu ya kutu. Sehemu ya kuangaliwa ni reli za mashine karibu na kibano, kwa kuwa kazi nyingi hufanyika hapo. Behewa la kisu likiwa limelegea karibu na kibano lakini linakaza likisukumwa kuelekea mwisho wa reli, basi reli zimelika upande mmoja, na kuzisawazisha ni kazi ya kiwanda. Kisha mnunuzi ashike kibano, au aweke kipande cha mbao chini yake, na kukiinua. Kikicheza, huenda beringi za spindeli zimechoka au zinahitaji kukazwa.

Gia za kubadilisha ndizo husahaulika zaidi. Bila seti kamili ya gia hizo, leithi nyingi za zamani haziwezi kukata nyuzi za bolti za vipimo mbalimbali, na kuipata gia moja iliyopotea ya mashine ya miaka mingi ni shida. Mnunuzi azihesabu palepale. Aombe pia mashine iwashwe na kukereza kipande cha chuma mbele yake. Muuzaji anayekataa kuiwasha amekwisha kujibu swali.

Visu vya haispidi kwanza

Madukani kuna visu vya haispidi na visu vya kabaidi. Kabaidi hung'aa na husifiwa sana, lakini huhitaji mwendo wa kasi. Kwa shafti ya chuma laini yenye kipenyo cha milimita 40, kisu cha haispidi huridhika na mizunguko kama 200 kwa dakika. Kabaidi hutaka takriban 800, nayo leithi iliyochoka ikifikishwa huko hutetemeka na kuvunja ncha. Isitoshe, haispidi hunolewa kwa jiwe la kawaida la grainda ya mezani. Kabaidi huhitaji jiwe la aina yake. Vipande vichache vya haispidi, grainda ya mezani, biti za kutobolea na msumeno wa chuma vinatosha kuanzia.

Kipimo ndicho kinachouza kazi

Wanaoanza wengi hununua venia moja na kuona wamemaliza. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Beringi yenye namba 6308 ina tundu la milimita 40. Namba yenyewe inasema hivyo: kwa beringi za kawaida, kuanzia zinazoishia na 04, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa tano hutoa kipenyo cha tundu. Ili beringi hiyo ikaze vyema kwenye shafti inayozunguka na kubeba mzigo wa kawaida, shafti huhitajika kuwa kubwa kuliko milimita 40 kwa kiasi cha kati ya milimita 0.002 na 0.018. Venia ya kawaida husoma hatua za milimita 0.02, kwa hiyo tofauti hiyo yote hujificha ndani ya hatua moja ya venia. Fundi ataona 40 kamili, mteja ataondoka ameridhika, na baada ya wiki chache beringi itaanza kuteleza juu ya shafti na kuila upya. Kijijini habari hiyo husambaa haraka kuliko tangazo lolote.

Dawa yake ni maikromita. Nayo pia huwahadaa wanunuzi, kwa sababu ile ya bei nafuu na inayopatikana kila mahali hupima kuanzia 0 hadi milimita 25 pekee. Kwa shafti za mashine za kusaga, inayohitajika zaidi ni ya 25 hadi 50, ambayo huuzwa na kipande cha chuma cha kuihakikishia usahihi wake. Kipande hicho kikikosekana kisandukuni, bei ishuke au mnunuzi atafute nyingine. Saa ya kupimia yenye kitako cha sumaku ndiyo ifuate, kwa ajili ya kuangalia ikiwa kipande kimekaa sawa kwenye kibano.

Chuma: kipya na chakavu

Vyuma vya duara hupatikana kwa urefu wa mita 6, lakini wauzaji wengi hukata vipande na kuviuza kwa kilo. Kuna hesabu ya kumlinda mnunuzi: kipenyo kwa milimita kizidishwe kwa chenyewe, kisha kigawanywe kwa 162. Jibu ni uzito wa mita moja kwa kilo. Chuma cha milimita 40 ni 1,600 ikigawanywa kwa 162, yaani kama kilo 9.9 kwa mita. Kipande cha nusu mita basi hakipaswi kuzidi kilo 5. Mizani ikionyesha 7, ama kipenyo si 40 au mizani ina walakini. Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka, na mnunuzi ana haki ya kuutazama muhuri huo.

Nondo za kujengea hazifai kwa shafti, hata kama zimebaki bure baada ya ujenzi. Ugumu wake hubadilikabadilika, na kisu huruka kinapogonga sehemu ngumu.

Chuma chakavu ni nafuu, na shafti ya gari iliyotupwa huwa chuma bora. Tatizo ni kukitambua, na grainda husaidia. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, zenye matawi machache. Chuma chenye kaboni nyingi, kama cha springi, hupasua cheche nyingi kama nyota. Chuma cha kalibu hutoa cheche fupi nyekundu. Shaba na aluminiamu hazitoi cheche, na hazifai kusuguliwa kwenye jiwe hilo kabisa, maana hujaza vinyweleo vyake, jiwe likapata joto na hata kupasuka.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Januari 2022, baada ya minara ya stima kuanguka na nchi nzima kukosa umeme, serikali ya kitaifa ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu. Ilipofunguliwa tena Mei mwaka huo, masharti yalikuwa yamekazwa. Chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, mfanyabiashara wa bidhaa hiyo lazima awe na leseni. Fundi anayeletewa usiku reli, waya za shaba au vipande vya mnara kwa bei ya kutupa anaweza kujikuta mahakamani pamoja na aliyevileta. Anunue mchana, kwa mwenye leseni, na aweke risiti kwenye faili.

Kabla ya kuwasha

Sakafu iwe ya saruji, na miguu ya mashine isawazishwe kwa pima maji. Miwani ya kinga inunuliwe siku moja na visu. Glavu hazivaliwi mtu anapokereza, wala mikono mirefu ya shati iliyolegea; kibano kinachozunguka hukamata kitambaa na kuvuta mkono pamoja nacho.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali pa kazi pasajiliwe, na karakana inayotoza wateja huhitaji pia kibali cha biashara cha kaunti hata ikiwa nyuma ya nyumba. Ni vyema kuuliza kwanza ikiwa kiwanja kinaruhusiwa kwa shughuli hiyo, kabla ya lori kufika na mashine. Maswali hayo hupokewa katika afisi za biashara za kaunti ndogo. Anayehitaji kunoa ujuzi wa kupima kabla ya kununua maikromita yake anaweza kuulizia mafunzo katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye, kwa kuwa vyuo vya vijiji viko chini ya kaunti.