Herufi Moja Katika Damu: Jeni, Protini na Selimundu Katika Kaya za Lubaga

Seli za mwili hufanya kazi zake kwa protini, na maagizo ya kuunda kila protini yamehifadhiwa katika jeni, yaani sehemu za DNA ambazo mtoto hurithi kwa mama na kwa baba. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne za kikemikali, A, T, G na C, ambapo kila herufi tatu zinazofuatana hutaja asidi amino moja, yaani kijenzi kimoja cha mnyororo wa protini. Herufi ikibadilika, mara nyingi mwili haudhuriki. Lakini yapo mabadiliko madogo yenye madhara makubwa, na katika kaya za Lubaga nchini Uganda yanayofahamika zaidi ni yale yanayoleta selimundu, ambayo kwa Kiganda huitwa nnalubiri.

Protini inayohusika ni himoglobini, ambayo hubeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu na imeundwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, na katika nafasi ya 6 maagizo GAG yanapogeuka kuwa GTG, asidi ya glutamiki huondoka na valini hushika nafasi yake. Glutamiki hupatana na maji, ilhali valini huyakwepa, kwa hiyo himoglobini inapokwisha kuachia oksijeni, valini hujishikiza kwenye molekuli jirani, nazo huungana kuwa nyuzi ngumu zinazoikunja seli katika umbo la mundu. Seli iliyokunjwa hivyo hukwama katika mishipa myembamba, jambo linaloleta maumivu makali ya mifupa, tena hufa baada ya siku 10 hadi 20 badala ya takriban 120, ndiyo maana damu hupungua. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kasoro imo ndani ya himoglobini yenyewe, na mwaka huohuo Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu tabia hiyo ya damu miongoni mwa watu wa Uganda.

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa na afya njema, kwa kuwa himoglobini ya tumboni hutumia mnyororo wa gama badala ya beta, na mabadiliko yale hayaigusi. Gama inapopungua na beta kushika nafasi yake, kwa kawaida kuanzia karibu na mwezi wa sita, mikono na miguu ya mtoto huweza kuvimba, ikawa ya moto, naye akalia kila anaposhikwa. Hapo ndipo lawama huanza katika familia nyingi, na mara nyingi humwangukia mama, ingawa ugonjwa huu huhitaji jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi wote wakiwa AS, yaani wabebaji wa jeni moja ya kasoro wasio wagonjwa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa aliyerithi jeni mbili za kasoro, na hesabu hiyo huanza upya kila mimba, hata kama mtoto wa kwanza alizaliwa mgonjwa.

Wabebaji si wachache: utafiti wa kitaifa uliopima damu ya watoto wachanga na wadogo wa Uganda mwaka 2014 na 2015 ulikuta asilimia 13.3 ni wabebaji na asilimia 0.7 ni wagonjwa. Sababu ni malaria, kwani mtoto mwenye AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, na hivyo jeni hiyo imedumu vizazi na vizazi. Kinga hiyo isichukuliwe kuwa ni ya mgonjwa pia. Mtoto mwenye SS malaria humwangamiza upesi, kwa hiyo chandarua chenye dawa ni sehemu ya matibabu yake.

Katika nyumba, mtoto apewe maji mara kwa mara, maana ukavu wa mwili huzidisha msongamano wa himoglobini ndani ya seli, na akingwe dhidi ya baridi. Penisilini anayoandikiwa aitumie hata anapoonekana mzima, kwa sababu wengu wake, kiungo kinachochuja vijidudu, huharibika mapema. Homa, weupe wa ghafla wa viganja na midomo, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni sababu za kumkimbiza hospitali saa hiyohiyo, bila kusubiri asubuhi. Dawa ya haidroksiyurea, iliyojaribiwa pia kwa watoto katika Hospitali ya Mulago, haisahihishi herufi iliyogeuka, bali huuchochea mwili kutengeneza tena himoglobini ya tumboni. Humezwa kila siku, na damu ya mtoto hupimwa mara kwa mara ili daktari arekebishe kipimo cha dawa.