Kumsomesha Mwanamke Aliye Mtu Mzima

Ijulikane ya kuwa somo hili ni la wanaume, ijapokuwa habari yake ni ya wanawake. Kwani mlango wa elimu ya mke, mara nyingi ufunguo wake umo mkononi mwa mume.

Nzuguni ni kata ya Dodoma, mashariki ya mji, katika barabara iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Mtu wa pwani aendaye Dodoma kwa biashara hushukia hapo, kwa kuwa ndiko kuliko kituo kikuu cha mabasi, na soko kubwa, na uwanja wa Nane Nane wanapokusanyika wakulima kila mwezi wa Agosti. Zamani palikuwa mashamba ya Wagogo, ya mtama na uwele, katika nchi ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Disemba hata Aprili. Mwaka 1973 lilikatwa shauri kuwa Dodoma iwe makao makuu ya serikali; na tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia kweli, ardhi ya jembe imegeuka ardhi ya viwanja. Hupimwa, huandikwa, huuzwa, na kila kiwanja kina karatasi yake.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Na lichukuliwe fano la mwanamke aliyelima shamba miaka thelathini, wala hajui kusoma. Huletewa karatasi, akaambiwa, “Weka dole hapa.” Naye huweka. Huenda ikawa ni stakabadhi ya fidia, huenda ikawa ni ridhaa ya kuuza nyumba anamolala. Kwake yeye zote ni wino tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imemkataza mume, na mke vilevile, kuuza nyumba ya ndoa, au kuitoa hiba, au kuipangisha, au kuiweka rehani pasipo ridhaa ya mwenziwe. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki ya kupata ardhi na kuimiliki sawa na mwanamume. Ni ngome njema, lakini asiyejua herufi hupita nje yake. Tena siku hizi mali imo hata katika simu, na mwanamke asiyesoma hulazimika kumtajia mwenye duka namba yake ya siri, ndipo apate fedha yake mwenyewe.

Mwislamu hana udhuru katika jambo hili. Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 282, imeamrishwa deni la muda liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na wanawake wametajwa humo katika mashahidi. Katika sura ya An-Nisaa mahari ni mali ya mke, na fungu lake la mirathi ni lake, liwe dogo au kubwa. Basi mwenye mali asiyeweza kusoma hati ya mali yake, analindwa na nani? Na imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Shifaa binti Abdallah alimfundisha kuandika Hafsa, mkewe Mtume, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alilitaja jambo hilo wala hakulikataza.

Wala pwani isijione bora kuliko bara. Katika Unguja ya karne ya kumi na tisa binti wa kiungwana alisomeshwa Qurani, lakini kalamu alinyimwa, kwa khofu ya kuwa ataandika barua zisizopendeza. Sayyida Salme, bintiye Sultani Sayyid Said, alijifundisha kuandika kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ameyaeleza katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1886. Naye alikuwa na nyumba ya kifalme na wasaa wa kukaa. Waliokuwa wakitwanga na kuteka maji wangeupata wapi wasaa huo?

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, watu wazima wasiojua kusoma katika Tanzania Bara walikuwa kiasi cha thuluthi mbili, na wanawake ndio waliozidi. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wasiojua wakapungua hata kufikia 39 katika mia mwaka 1975, na kiasi cha 10 katika mia mwaka 1986. Watu waliyaita madarasa hayo ngumbaru, wengine kwa dhihaka. Hata hivyo wanawake waliingia wengi kuliko wanaume. Kisha bidii ikapoa, na wengi wakasahau, maana herufi isiyotumiwa hupotea kama njia isiyopitwa.

Kizuizi cha mwanamke kwa kawaida si akili, ni saa. Darasa la alasiri halimfai ambaye maji hayajatekwa, kuni hazijaletwa na mtoto yu mgongoni. Na msimu wa kulima ukifika hatoki kabisa. Mume amwambiaye mkewe “nimekuruhusu” naye asishike ndoo hajaruhusu kitu. Amwachie jioni mbili katika juma, na jioni hizo watoto na maji viwe juu yake. Na mke akishazijua herufi, kitabu chake cha kwanza kiwe zile karatasi zilizomo sandukuni: cheti cha ndoa chenye kiasi cha mahari, hati ya kiwanja, na stakabadhi za madeni. Azisome kwa sauti, na mume anyamaze asikilize.